Kadi Iliyosubiriwa

Wahenga walisema ahadi ni deni. Kwa miaka mingi niliiandika methali hiyo ubaoni na kuwataka wanafunzi waitungie insha, wala sikufikiri kwamba ipo siku itanisuta mimi mwenyewe uzeeni. Tena ilinisuta kwa jambo ambalo mzee wa rika langu hatazamiwi kuwa na habari nalo, yaani kadi ya michoro ya kompyuta.

Msomaji asiyekijua kitu hiki asisumbuke. Kadi ya michoro ni kifaa kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kipige hesabu za picha. Kompyuta isiyo nayo huandika barua na kutunza mahesabu vizuri tu. Lakini ukiitaka ikuonyeshe nyumba ambayo haijajengwa, uizunguke pande zote na kuona kivuli cha mwembe kikiangukia barazani, hapo hesabu huwa mamilioni kwa mamilioni, na kompyuta ya kawaida huelemewa. Vijana wengi huitafuta kadi hiyo kwa ajili ya michezo. Mjukuu wangu aliitafuta kwa ajili ya mkate wake.

Mwezi Septemba 2020 alikuja nyumbani Morogoro akiwa na shauri. Alikuwa amemaliza chuo, na mhandisi mmoja alikuwa amemwahidi kazi ya kuchora picha za nyumba kuanzia Januari, kwa sharti kwamba awe na kompyuta inayoiweza kazi hiyo. Alikuwa amejiwekea shilingi 900,000. Kariakoo alikuwa ameona kadi iliyokwisha tumika, ya toleo lililotangulia, kwa shilingi 850,000. Lakini siku chache kabla ya hapo yalikuwa yametangazwa matoleo mapya, na wenzake wote walikuwa wakimwambia avute subira.

"Babu, wewe ni mtu wa historia," aliniambia. "Ninunue au ningoje?"

Akanieleza mambo yalivyo. Tarehe 1 Septemba 2020, Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya NVIDIA ya Marekani, alikuwa amezungumza na ulimwengu akiwa jikoni kwake, kwa kuwa ulikuwa wakati wa UVIKO-19 na mikutano mikubwa ilikuwa imesimama. Alitangaza kadi tatu: RTX 3090 kwa dola 1,499, RTX 3080 kwa dola 699, na RTX 3070 kwa dola 499. Juu ya hiyo ndogo alisema ina kasi kuliko RTX 2080 Ti, kadi ambayo kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeiuza kwa dola 1,199 tangu mwaka 2018. Dola 499, kwa kiwango cha wakati ule, zilikuwa yapata shilingi 1,150,000 kabla ya usafiri na ushuru.

Nilimjibu kwa kujiamini, kama mtu anayesahihisha madaftari. Nilikumbuka redio, televisheni na simu za mkononi: kila kipya kilipoingia sokoni, cha zamani kilishuka bei. Kwa hiyo, nilimwambia, ukingoja utapata moja kati ya mawili. Ama utainunua hiyo mpya, ama utaipata hii ya Kariakoo kwa nusu ya bei. "Ngoja mpaka Desemba," nikasema. "Zitakazopungua nitakuongezea mimi, hata zikifika laki nne."

Hiyo ndiyo ahadi yangu. Aliondoka amefurahi.

Yaliyofuata yanajulikana. RTX 3080 iliingia madukani tarehe 17 Septemba na kwisha kwa dakika chache. Kulikuwa na watu walioziagiza kompyuta zao ziwanunulie kwa haraka ambayo mkono wa mwanadamu haiwezi, kisha wakaziuza tena kwa faida. RTX 3070 ilitoka tarehe 29 Oktoba, nayo ikaishia njia hiyo hiyo. Ulimwengu mzima ulikuwa umejifungia majumbani na kila mtu alitaka kompyuta, huku viwanda vya chipu vikielemewa na maagizo. Juu ya hayo, thamani ya sarafu ya kidijitali iitwayo Ethereum ilianza kupanda, na sarafu hiyo wakati ule ilichimbwa kwa kadi hizi hizi za michoro. Mwaka 2021 kadi iliyotangazwa kwa dola 499 ilikuwa ikiuzwa mkono kwa mkono kwa zaidi ya dola 1,000. Hata zile za zamani, nilizosema zitashuka, zilipanda. Ile ya Kariakoo ilikuwa imekwenda zamani, na nyingine ya aina yake ilitajwa kwa shilingi 1,600,000.

Laki nne zangu zilikuwa tayari, lakini hazikuziba pengo lolote. Januari ilifika na kompyuta haikuwa imepata kadi. Mhandisi alingoja mwezi mmoja, kisha kazi akampa kijana mwingine. Mjukuu wangu hakunilaumu. Alisema tu, "Si neno, Babu." Nadhani angenilaumu ningepata nafuu.

Ndipo nikafanya nililopaswa kulifanya kabla ya kufungua kinywa, nikaanza kusoma historia ya vitu hivi. Nilitaka kujua kama watu wengine waliwahi kungoja namna ile, na mwisho wao ulikuwa nini. Jibu nililipata katika habari za kampuni moja iliyokwisha kufa, iliyoitwa 3dfx Interactive.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1994 huko California na Ross Smith, Gary Tarolli na Scott Sellers, watu waliokuwa wamefanya kazi Silicon Graphics, kampuni iliyotengeneza kompyuta za picha za bei kubwa mno. Wao walitaka kumpa mtu wa kawaida uwezo ule. Chipu yao ya kwanza, iliyoitwa Voodoo Graphics, ilitazamiwa kutumika katika mashine za michezo za kulipia. Lakini mwaka 1996 bei ya kumbukumbu za kompyuta iliporomoka, na kadi ambayo ingekuwa ghali mno ikawezekana kuuzwa kwa takriban dola 300. Iliuzika sana. Mwaka 1998 wakatoa Voodoo2, na mwenye fedha aliweza kuchomeka mbili katika kompyuta moja ili zigawane kazi. Wakati huo, aliyetaka michezo yenye picha nzuri alilitaja jina hilo kwanza.

Mpaka hapo 3dfx ilikuwa inauza chipu, na kampuni nyingine ndizo zilizotengeneza kadi kamili na kuzipeleka madukani. Desemba 1998 ilitangaza kwamba inainunua kampuni ya STB Systems ili itengeneze kadi zake yenyewe. Hesabu ilionekana nzuri kwenye karatasi, kwamba faida yote ingebaki nyumbani. Lakini wale waliokuwa wateja wake siku ile ile waligeuka kuwa washindani wake, nao wakahamia kwa NVIDIA, kampuni iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1993. NVIDIA ilikuwa imejiwekea mwendo wa kutoa kitu kipya karibu kila baada ya miezi sita. Agosti 1999 ilitangaza GeForce 256, na Oktoba mwaka huo huo watu waliweza kuinunua.

Novemba 1999, katika maonyesho ya Comdex mjini Las Vegas, 3dfx ikajibu. Ilitangaza jamii mpya ya kadi zenye chipu iitwayo VSA-100, ambayo iliweza kuunganishwa na wenzake katika kadi moja. Voodoo5 5500 ingekuwa na chipu mbili. Juu yake ingekuwapo Voodoo5 6000, yenye chipu nne na megabaiti 128 za kumbukumbu, kadi ndefu kupita kiasi, yenye njaa ya umeme hata ikahitaji kifaa chake cha umeme nje ya kompyuta. Bei iliyotajwa ilikuwa dola 599. Ahadi ilikuwa kwamba kadi hizi zitaanza kufika majira ya kuchipua ya mwaka 2000.

Hapo wapenzi wa 3dfx wakaanza kazi ile ile aliyokuwa akiifanya mjukuu wangu miaka ishirini baadaye. Walipiga hesabu. Je, chipu nne zina kasi mara nne ya moja? Mtu atoe dola 599, au 5500 ya dola 299 inatosha? NVIDIA itajibu kwa bei gani, na lini? Na je, hesabu za kugeuza maumbo na kuyamulika, ambazo GeForce ilizifanya yenyewe ndani ya kadi na Voodoo5 haikuzifanya, zina umuhimu kiasi hicho, au muhimu zaidi ni ule ustadi wa Voodoo5 wa kulainisha kingo za picha zilizokuwa na meno kama msumeno? Yalikuwa maswali ya watu wenye akili. Wengine walikataa kununua chochote mpaka wapate jibu.

Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Mwisho wa Aprili 2000 NVIDIA ilitangaza GeForce2 GTS. Voodoo5 5500 ilifika madukani mwezi Juni, ikakuta mshindani wake amekwisha tangulia. Ile kubwa, ya chipu nne, haikufika kabisa. Zilitengenezwa chache za majaribio, na hazikuwekwa sokoni. Desemba 2000 kampuni ilitangaza kwamba inauza mali zake muhimu kwa NVIDIA, kwa masharti ya dola milioni 70 taslimu na hisa milioni moja. Oktoba 2002 ikafungua shauri la kufilisika. Siku hizi wakusanyaji wa vitu vya kale hulipa maelfu ya dola kwa moja ya zile 6000 za majaribio zilizosalia.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa historia alituzoeza kuuliza maswali matatu juu ya kila andiko: nani anasema, anasema lini, na anataka nini. Niliyafundisha maswali hayo kwa maisha yangu yote ya kazi. Lakini mjukuu wangu alipoweka mbele yangu tangazo la mfanyabiashara, sikuuliza hata moja.

Ningeliuliza, ningeliona kwanza kwamba anayetangaza mapema ana sababu. Tangazo la Novemba 1999 lilitolewa wiki chache baada ya GeForce 256 kuanza kuuzwa, na lilimwambia mnunuzi asitoe fedha yake bado. Kumzuia mteja asiende kwa jirani ni biashara kamili hata kama dukani kwako hakuna kitu. Ubaya wake ni kwamba unamzuia pia asinunue ulichonacho leo. Aliyeahidiwa Voodoo5 hakuwa na haraka tena ya kununua Voodoo3.

Ningeliona pili kwamba bei ya kutangazwa ni kete katika mchezo kati ya wakubwa. Juni 2019 kampuni ya AMD ilitangaza RX 5700 XT kwa dola 449. Mwanzoni mwa Julai NVIDIA ikaleta kadi zake zilizoboreshwa ili kuibana. Siku mbili kabla ya mauzo kuanza tarehe 7 Julai, AMD ikashusha bei yake hadi dola 399. Mwaka 2022 yalitokea ya ajabu zaidi. NVIDIA ilitangaza mwezi Septemba kadi mbili tofauti zenye jina moja, RTX 4080. Wanunuzi wakapiga kelele kwamba ile ndogo, ya dola 899, inajivisha jina la mkubwa wake. Oktoba kampuni ikaifuta kabla haijauzwa hata moja. Januari 2023 ikarudi kwa jina la RTX 4070 Ti na bei ya dola 799.

Mifano hii yanikataza kusema kwamba kungoja ni ujinga. Aliyengoja Julai 2019 aliokoa dola 50. Wala sitaki kuwacheka vijana wanaokesha wakipima tetesi. Tajiri hana haja ya kubahatisha. Akikosea hununua nyingine. Anayebahatisha ni yule atakayenunua mara moja kwa miaka mitano, kwa fedha aliyoikusanya kidogo kidogo. Kwake yeye, kukisia vizuri ni sehemu ya kuweka akiba.

Basi kosa langu lilikuwa wapi? Kwa muda mrefu nilidhani nilidanganywa. Lakini kila nilipoyarudia maneno ya Septemba 2020 sikuona uongo ndani yake. Kadi ilipopimwa na watu huru, ilikuwa kweli sawa na ile ya dola 1,199. Bei ya dola 499 ilikuwa kweli kwa wachache waliowahi. Tarehe ilisogea siku chache tu. Uwezo ulitajwa, bei ilitajwa, siku ilitajwa. Lililokosekana ni moja, nalo hakuna aliyelitaja: zipo ngapi?

Na hapo ndipo ninapoona haya, kwa kuwa swali hilo mwalimu mkuu yeyote analijua. Ikija barua kwamba vitabu vya hesabu vinakuja, mwalimu mkuu haulizi kwanza kama ni vizuri, wala vimegharimu kiasi gani. Huuliza ni vingapi, maana anajua kwamba vitabu 20 kwa darasa la watoto 90 ni habari tofauti kabisa na vitabu 90. Nimeuliza hivyo kwa chaki, kwa madawati, kwa unga wa uji. Bei isiyofuatana na idadi haimwambii mtu kitu. Voodoo5 6000 ilikuwa na bei, dola 599, na idadi yake sokoni ilikuwa sifuri. RTX 3070 haikuwa sifuri, lakini kwa kijana wa Morogoro mwenye shilingi 900,000 ilikuwa kama sifuri.

Na ile kanuni yangu, kwamba kipya kikija cha zamani hushuka? Ni kweli, lakini kwa sharti kwamba kipya kimekuja cha kutosha. Kikija kidogo, wanaokikosa hukigeukia cha zamani, nacho hupanda. Kanuni niliijua, sharti lake sikulijua. Naogopa kwamba wazee tunatoa mashauri mengi ya namna hiyo, tukiwapa watoto kanuni za zamani zetu na kuyasahau masharti yaliyozifanya zifanye kazi.

Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha uchimbaji, na kadi nyingi zilizokuwa zikichimba zikamwagika sokoni. Mwaka 2023 mjukuu wangu alinunua RTX 3070, ile ile ya jina tuliyoingoja, imekwisha tumika, kwa shilingi 800,000. Fedha yake mwenyewe ilitosha. Nikampa laki nne hata hivyo. Alikataa, nikamwambia ni deni, akazichukua na kununulia kioo kikubwa cha kompyuta. Sasa huchora nyumba za watu, si za yule mhandisi. Miaka miwili ile ya katikati alifanya kazi ya kuchapa na kutoa nakala katika kibanda cha mtu, na hiyo laki nne hazikuilipa.

Januari 2025 alinipigia simu. Huang alikuwa ametangaza RTX 5070 kwa dola 549, akasema ina uwezo wa RTX 4090, kadi iliyotoka mwaka 2022 kwa dola 1,599. Nikakaa kimya, maana nilijua zamu ya kuuliza si yangu. Yeye mwenyewe akanieleza kwamba usawa huo ulitegemea picha ambazo kadi inazibuni yenyewe katikati ya picha halisi, na kwamba katika kazi yake ya nyumba haumsaidii. Angengoja wapimaji huru wamalize, hata ikiwa ni miezi miwili. Kadi hiyo ilitoka tarehe 5 Machi, na wapimaji wakasema kama yeye: bila picha za kubuni, ilikuwa nyuma sana ya 4090.

"Kwa hiyo utangoja nyingine?" nikamwuliza.

"Hapana, Babu. Hii niliyonayo inafanya kazi. Nilikupigia kukusalimu tu, na kukuuliza kama umekunywa dawa."

Nikamwambia nimekunywa.